Siku Mdomo Wangu Ulipoingia Kwenye Kwaya ya Mwalimu Atanasi

Nianze kwa kukiri mwenyewe, maana nisipokiri mimi watakiri wengine kwa niaba yangu, na hao hawana huruma: niliamini kwamba simu inasikia kule tu ilikoelekezwa, kama tochi inavyomulika kule ulikoielekeza. Mtu mzima, kidato cha nne nimemaliza, fizikia nimesoma (matokeo tuyaache yapumzike), na bado niliamini hivyo, na kwa imani hiyo nikaaibika mbele ya padri, ukoo mzima wa jirani yangu, kaka zangu wa Dar na mbuzi aliyekuwa tayari mezani.

Lazima mnifahamu kidogo ndipo muelewe ilivyokuwa. Mimi ni mtu wa nyumbani. Ni mtoto wa mwisho, na kwetu huku Uru mtoto wa kiume wa mwisho ndiye anayebaki na kihamba cha baba, yaani shamba la ukoo, pamoja na migomba, kahawa na kesi zote za mipaka, wakati kaka zake wanakwenda kutafuta maisha na kurudi Desemba na magari, wakishusha kioo na kuuliza, "Deo, hivi wewe huwa unatoka hata kwenda kununua chumvi?" Natoka. Ila siendi mbali. Kushuka Moshi mjini kwangu ni safari ya kuaga watu.

Kaka yangu mkubwa, zamani zile alipokuwa akiuza vyombo vya muziki, aliniletea kimashine cha kurekodi, si cha kaseti wala si cha CD, bali cha zile diski ndogo zilizofungiwa ndani ya ganda la plastiki la mraba, zinazoenea kiganjani. Akaniambia, "Deo, dunia nzima inaelekea huku." Dunia ikaelekea kwingine kabisa, ikaishia kwenye simu, mimi nikabaki pale njia panda na kimashine changu, vispika vyake viwili na maikrofoni, kama mtu aliyeshushwa kituo ambacho basi halipiti tena. Lakini nilikipenda. Nilirekodi mvua kwenye bati, nilirekodi jogoo (yule jogoo tulishamla, sauti ipo), na nilirekodi kwaya ya kigango chetu, iliyokuwa ikifundishwa na jirani yangu Mwalimu Atanasi, ambaye akiimba peke yake hata watoto wa ubatizo walinyamaza. Diski ile nilimpa mwenyewe aitunze.

Mwalimu alitutoka mwaka jana. Mwaka huu, Desemba ilipokaribia na watoto wao wakaanza kupiga simu kwamba wanakuja, mjane wake, Mama Filomena, akaja kwangu ameishika ile diski kwenye kitambaa kama ostia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Deo, si wewe mwenye ile redio ya visahani?"

"Ndiyo mimi, mama."

"Tuna kumbukumbu ya mzee, padri anakuja kubariki kaburi. Wajukuu wa Dar hawajui babu yao alivyokuwa akiongea. Na mimi mwenyewe," akasita, akakunja kile kitambaa, "mimi mwenyewe nimeanza kuisahau, Deo. Naamka asubuhi naitafuta sauti yake kichwani, siipati. Hakuna kwingine ilikobaki."

Mtu wa kawaida angeshtuka na kuuona uzito wa jambo. Mimi nikasema, "Dakika mbili tu mama, naitoa humo naitia kwenye simu. Niachie mimi."

Alipoondoka ndipo nikampigia fundi redio mmoja wa Moshi mjini, upande wa Mawenzi, akanicheka mpaka nikasikia watu wengine dukani kwake wakicheka pia bila kujua wanachokicheka. "Hiyo hainakiliwi kama flashi, kaka! Inacheza mwanzo mpaka mwisho, na upande wa pili unarekodi huku inacheza, kama kaseti tu. Shuka nayo, waya ninao, wewe utakunywa chai na mimi nitafanya kazi."

Nikatazama nje. Manyunyu. Barabara imeshakuwa ugali. Nikajiuliza, waya wa nini? Vispika ninavyo, simu ninayo, naweka simu mbele ya vispika, kwaya inaimba, simu inasikia, kazi imekwisha na viatu ni visafi. (Hapo ndipo shetani wa kukaa nyumbani aliponishika mkono, nami nikamkaribisha kiti.)

Wimbo wa kwanza niliurekodi kwa adabu zote. Kuku nilikuwa nimewafukuza, mbuzi nimemjazia majani ili awe na shughuli, na mimi mwenyewe nilikuwa napumua kwa zamu. Wimbo ulipokwisha nikasimamisha, nikasikiliza, safi kabisa, sauti zinatoka kama jana. Nikaanzisha tena kuanzia wimbo wa pili. Ndipo mke wangu, Sabina, akaingia na beseni la ndizi za mtori, akakaa, akaanza kumenya, akanong'ona, "Si itatusikia?"

"Haitusikii," nikasema, kwa sauti yangu ya kawaida kabisa. "Tazama mdomo wake uko wapi. Umewaelekea wao, sisi tuko huku."

"Una hakika?"

"Sabina, mimi ndiye niliyewarekodi hawa watu. Utanifundisha nini?"

Basi, tukakaa. Na diski zile zinachukua zaidi ya saa nzima, na saa nzima ni ndefu kwa watu wawili wanaomenya ndizi, wala mimi sikuumbwa kukaa kimya. Nikaongea. Nikaimba na kwaya (mimi si wa besi, si wa tenori, sauti yangu haijapata kabila). Mwishoni sikuisikiliza tena ile rekodi, maana nilikuwa nimeshaisikia yote, sasa nirudie ya nini? Nikaipa jina zuri kwenye simu, nikaenda kumwambia Mama Filomena kwamba mambo tayari, akanishika mikono yote miwili.

Siku ikafika. Misa ikasomwa, kaburi likabarikiwa, tukakaa chini ya turubai, ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchoma, imesimama mezani, pombe yetu ya mbege inapita kwenye kata, ile aliyoipika Mama Filomena mwenyewe kama apikavyo kila mwaka. Nikampa jamaa wa muziki simu yangu, akaichomeka waya kwenye mitambo yake, na mimi nikaenda kusimama nyuma, karibu na mgomba, na kata yangu mkononi, nikingoja kusifiwa. Mama Filomena alikuwa amekaa mbele na wajukuu wake, na nikamwona akikivuta kilemba chake nyuma kidogo ili masikio yawe wazi.

Wimbo wa kwanza ukapigwa. Jamani! Watu waliinamisha vichwa. Kaka yangu mkubwa, yule wa kushusha kioo, akanipigapiga begani na kuninong'oneza, "Leo umetuheshimisha." Nikafikiri, kumbe kukaa nyumbani nako kuna faida yake.

Ukaanza wimbo wa pili, na juu ya kwaya yote, kubwa kuliko kwaya yote, kwa sababu mimi nilikuwa karibu na simu kuliko marehemu, ikasikika sauti yangu ikitangaza uwanja mzima: "Haitusikii. Tazama mdomo wake uko wapi."

Watu wakageuka. Yule jamaa wa muziki, mtu mwenye bidii sana, akadhani kwaya imezama, akaongeza sauti ili kuiokoa.

"Msikilize huyu Mzee Ludoviki kwenye besi," nikaendelea kwenye maspika, huku nyuma ndizi zikidondoka majini, chubwi, chubwi. "Anaimba kama ng'ombe aliyekwama mtaroni anamwita mwenye mali." Mzee Ludoviki alikuwa kiti cha pili kutoka kwa padri. Meku, mzee wa watu, akaweka mfupa wake chini taratibu, akajifuta mdomo, akanitafuta kwa macho.

Nikaanza kupenya kwenda mbele. Lakini pita katikati ya mabinti wa Kichagga waliovaa vitenge vipya na viti vya plastiki, huku umeshika kata iliyojaa mbege ambayo huwezi kuiweka chini maana itamwagika, uone utafika lini! Nikawa nasema "samahani, samahani" na mimi mwingine juu ya maspika anasema:

"Mbege ya Mama Filomena nayo, usiniambie kitu. Mwaka jana ilikuwa maji ya kusuuzia kibuyu. Mimi huwa napokea, nashukuru, nasogea mgombani, namwaga. Mgomba ule wa kwake umestawi kwa ajili yangu."

Na Sabina wangu, mke niliyefunga naye ndoa kanisani, akasikika akicheka.

Hapo turubai zima likatazama kata niliyoishika, kisha likatazama nilikokuwa nimesimama, kisha likautazama ule mgomba. Na kweli ulikuwa umestawi, ungefikiri umewekewa samadi ya Ulaya. Mtoto mmoja akaenda kuuchungulia shinani. Padri akawa anatazama viatu vyake na mabega yanatikisika. Jamaa wa muziki akachomoa waya, pukutu.

Nilitegemea Mama Filomena atanitukana. Ningependa angenitukana. Lakini aligeuka tu kwenye kiti chake akaniuliza, kwa sauti ndogo, kama anayeuliza mtu aliyepotea njia, "Deo. Mume wangu yuko wapi?"

Kicheko chote kilichokuwa kimeanza kikafa. Nikajua kwamba huyu mama alikuwa hana haja na mbege yake wala na mdomo wangu, alikuwa amekaa pale akisubiri sehemu moja, ile ambapo baada ya wimbo wa tatu Mwalimu anaacha kuimba na kuongea na wanakwaya, na mimi sehemu ile niliijua, kwa sababu juu yake nilikuwa nikisimulia habari za daktari wa mifugo.

"Yuko kwenye diski, mama."

"Kamlete."

Nilimkabidhi kaka yangu ile kata, nikakimbia. Mimi, mtu wa kutembea mpaka jikoni, nilikimbia kwenye matope na viatu vyangu vya kanisani, nikachukua kimashine, betri nikazing'oa kwenye saa ya ukutani, nikarudi nahema kama treni. Jamaa wa muziki akakipokea, akakizungusha, akatoa ule waya wake wa simu, akauchomeka. Ukaingia vizuri kabisa.

"Kumbe bro ungekuja nacho tu," akasema. "Tungepiga moja kwa moja."

Jasho linaniingia machoni, watu wote wamesimama, na kidole changu kikaenda kwenye kitufe nikabonyeza, na kikawaka chekundu. Nilikuwa nimebonyeza cha kurekodi.

Kwenye kimashine kile ukirekodi juu ya kilichopo, kilichopo kimekwenda, hakirudi kwa maombi. Nikatazama kile kioo kidogo, nikaona kimeandika kwamba diski imefungwa, hairekodiwi. Ubavuni mwa ganda kuna kitasa kidogo cha kusukuma kwa ukucha, na mtu alikuwa amekisukuma. Ni Mwalimu. Nikakumbuka siku niliyompa alivyoniuliza kile ni cha nini, nikamweleza, naye akakisukuma palepale mbele yangu, akasema, "Nakufahamu, Deo."

Nikabonyeza kitufe cha kweli, nikasogeza mpaka mahali penyewe.

Ikaja sauti yake, kavu, ya mwalimu wa shule: "Besi, msinisukume, hatubebi mchanga hapa. Soprano, tabasamu, Mungu si hakimu wa mahakama ya mwanzo." Wajukuu wakacheka. Kisha: "Filomena, umepanda juu ya noti kama kawaida yako. Shuka."

Na Mama Filomena, pale mbele ya padri na watu wote, akaiambia spika, "Niko palepale! Wewe ndiye huna masikio!"

Kisha akajifunika uso na ncha ya kitenge, mabega yakawa yanatikisika, na hakuna aliyejua kama analia au anacheka, nadhani hata yeye hakujua. Tulisikiliza mpaka mwisho. Ilipofika mwisho Mama Filomena akasema irudiwe, ikarudiwa. Hata Mzee Ludoviki alisikia besi yake, akatikisa kichwa, akamwambia wa pembeni yake, "Ni kweli kuna ng'ombe," lakini mimi aliendelea kutonisalimia.

Sasa mniulize nimejifunza nini. Nimejifunza kwamba simu ikiwa mezani niongee kama niko kwenye kitubio, na nimeapa kwamba siku nikiambiwa na fundi nishuke mjini, nitashuka, hata barabara iwe uji. Sabina naye amejifunza kucheka kimyakimya.

Asubuhi yake nilikata jani la isale pembezoni mwa kihamba, lile ambalo kwetu ukimpelekea mtu uliyemkosea hawezi kukunyima msamaha, nikaenda nalo kwa Mama Filomena nimelishika kwa mikono miwili. Hotuba nilikuwa nimeiandaa usiku kucha, ina utangulizi na kila kitu. Nikasema shikamoo, nikafungua mdomo nianze. Akalichukua jani kabla sijamaliza neno la kwanza, akalichomeka kwenye nondo ya dirisha, akaniambia:

"Nimekusamehe. Mume wangu nimemsikia, roho imetulia. Wewe sasa nyamaza mpaka Pasaka."