Nilimwambia Ndugu Yangu Kiwanda Kinataka Kikombe Chake

Admin, nisitirie jina langu. Wanangu wamo humu ndani wanasoma, na kisa hiki hawakijui.

Mimi ni mama wa miaka sitini na tatu, mjane, naishi Mjambere, Kisauni, katika nyumba aliyotuachia baba. Haya niliyafanya mwanzoni mwa miaka ya tisini na sijawahi kumwambia mtu.

Siku zile nilikuwa nafanya kazi Changamwe, kwenye kiwanda kidogo cha mifuko ya karatasi na maboksi. Kazi yangu ilikuwa kukunja na kutia gundi. Ndugu yangu anayenifuata, nimwite Athumani, alikuwa fundi wa viatu, fundi hasa, mtu wa kukushika mguu mara moja akajua ni kidole gani kinakuuma. Mkewe aliugua muda mrefu akafariki. Haukupita mwaka, Athumani naye akaanza kukonda. Akafunga kibanda chake, akarudi na bintiye wa miaka minne, nimwite Rehema, nyumbani kwa mama, nilikokuwa nikikaa na mimi. Hospitali walituambia ni ugonjwa gani. Ugonjwa huo ukitajwa wakati ule, majirani walikuwa hawapiti hata mlangoni. Sisi tukasema ni kifua.

Nilikuwa na watoto wawili wadogo, nikaogopa. Nesi alinieleza kwamba ugonjwa ule hauambukizi kwa kikombe wala sahani, sikumwamini. Mama hakuogopa. Alikuwa akiimaliza chai iliyobaki kwenye kikombe cha mwanawe, mbele ya macho yangu. Nilipomwambia tumtengee vyombo, alinijibu polepole, "Huyu nimemnyonyesha. Ukimtengea kikombe, nitengee na mimi."

Basi nikatafuta njia ya kumtenga bila mwenyewe kujua. Siku moja nilirudi na karatasi za nta zilizokatwa vibaya, nikakunja kikombe, nikamtilia chai. Nikamwambia, "Kiwandani wanataka kutengeneza vikombe vya karatasi, vya kunywea mara moja na kutupa. Tajiri amesema kila mtu akajaribu kwao. Wewe ndiye mwenye mikono, hebu nisaidie."

Ulikuwa uongo mtupu. Tajiri hakuwahi kutaja kikombe.

Wallahi sikutarajia yaliyofuata. Athumani, aliyekuwa amelala kauelekea ukuta kwa majuma, aliketi. Akakigeuza kile kikombe, akakibonyeza kitako. "Dada, hiki hakishikiki. Kinaunguza vidole, na kitako kitalegea kabla mtu hajamaliza chai. Kikombe ni kama kiatu, lazima umjue anayekivaa." Akaomba makasi na gundi.

Ikawa ndiyo kazi yake. Kwanza alikivika karatasi ya pili, katikati akatia ile yenye mikunjo ya maboksi ili joto lisifike mkononi. Kitako akakiingiza ndani kidogo na kukikunjia pindo. Kinywani alikuwa na vidonda, kwa hiyo akauviringisha ukingo juu ya uzi wa kushonea viatu, usimkate midomo. Vidole vilipokosa nguvu, aliongeza kishikio kipana cha kuingia vidole vitatu. Kila nikirudi kazini alikuwa akiniuliza, "Tajiri amesemaje?" Nami namjibu, "Amekipenda, lakini ataka kishikio kiwe kigumu zaidi." Hapo hutabasamu, na kesho yake kishikio huwa kigumu zaidi. Mama alikuwa akiwaambia wageni kwamba mwanawe anafanyia kiwanda kazi kitandani.

Na vile vikombe, akishanywa, nilikuwa nikivichukua na kuvichoma nyuma ya nyumba. Vyote. Yeye nilimwambia nimevipeleka kazini.

Alasiri moja Rehema alimpandia babake kitandani, akachukua kikombe chake akataka kunywa. Nilimpiga mkononi kabla sijafikiri. Kikombe kikaanguka, chai ikamwagika mkekani, mtoto akalia. Athumani akakiokota kikombe. Kisha akaniuliza, "Dada, kiwandani vikombe vyangu wavinywea?"

Nikasema, "Ndiyo."

Akasema, "Sawa." Akamfuta mtoto machozi.

Tangu siku hiyo hakukunja kikombe tena. Makasi aliyarudisha kwa mama. Akawa anakunywa kwa chombo chochote nilichompa. Hayakupita majuma mawili, akafariki. Nilikuwa na siku zote zile za kumwomba radhi, na sikumwomba.

Rehema nimemlea mimi, ananiita mama. Sasa ni mwalimu, anaishi Kiembeni na wanawe. Amekua na maneno ya bibi yake kwamba babake ndiye aliyebuni kikombe cha karatasi kisichounguza. Marehemu mama alikufa akiyaamini. Mwezi uliopita kwenye arusi Rehema alipewa kahawa katika kikombe cha karatasi cha kuta mbili, chenye ukingo ulioviringishwa. Alikuja kwangu nacho analia. "Mama, hiki ni cha baba. Walimwibia."

Kiwanda kilishafungwa zamani, lakini amewatafuta watoto wa tajiri mpaka akawapata, na wamekubali kuonana naye. Anasema hataki chochote kwao, anataka wakiri tu. Shahidi wake ni mimi peke yangu.

Nikimwambia ukweli, itabidi nimwambie babake na mamake walikufa kwa nini, na kwamba kazi yote ya babake niliichoma moto mimi anayeniita mama. Hana kitu kingine cha baba yake ila kisa hicho cha kikombe. Nikinyamaza, atakwenda kuwasingizia watu wasio na kosa, wamcheke, wamfukuze. Nimejisingizia ugonjwa mara mbili. Akanisubiri.

Keshokutwa anakuja kunichukua. Nguo ya kuvaa ameshaninunulia. Ndugu zangu, mnaotaka kunitukana nitukaneni, nastahili. Lakini mnishauri pia: huyu mtoto nikamwambie nini?