Mwombolezaji Mkavu

Mama yangu tulimzika Ukonga siku ya Jumanne, saa tisa alasiri, mvua ikitunyeshea. Kaka yangu alifika jioni mazishi yakiwa yamekwisha, akaapa kwa ndugu kwamba alikuwepo, ila umati ulimficha. Hawakumwamini.

Kabla ya arobaini alinipeleka studio moja Kinondoni, aingizwe kwenye video ya mazishi. Fundi akamsimamisha mbele ya kitambaa cha kijani, akatueleza kwamba kompyuta hukifuta kile kijani na kuweka makaburi mahali pake.

“Braza, usiangalie kamera. Inama, tupa udongo, kama vile mama yuko hapo chini.”

Kaka akainama, akatupa udongo, akapangusa macho yasiyo na chozi. Bakuli la udongo nilimshikia mimi.

Siku ya arobaini tukawasha televisheni. Kaka akaonekana kando ya kaburi, shati limenyooka. Shangazi yetu akasogea mpaka karibu na kioo.

“Mwanangu, sie wote tulilowa mpaka nguo za ndani. Wewe mwavuli alikushikia malaika?”

Watu wakacheka. Kaka akatazama vidole vyake. Mimi nikatazama mkeka, nikatamani unifunike.

Msomaji, ukitaka kudanganya msiba, ulizia kwanza kama siku ile mvua ilinyesha.

Ee Bwana, mpumzishe mama yetu kwa amani, na sisi wanawe utujalie machozi ya kweli.