Aliyekataa Lumbesa

Habari za kifo chake zilinikuta kwa kinyozi, Jumanne asubuhi, nikisubiri zamu yangu. Aliyenipigia simu ni fundi wa kuchomelea mageti ambaye kwa miaka mingi tumekuwa tukila naye meza moja kwenye mgahawa wa mama mmoja pale Daraja Mbili, Arusha. Siku hiyo hata salamu hakunipa. Alisema tu, “Mwandishi, mama ametutoka,” kisha nikamsikia akivuta pumzi kama mtu aliyebeba kitu kizito. Sikuuliza ni mama yupi. Nilijua alikuwa amelazwa, na siku zile za mwisho mgahawa ulikuwa ukifunguliwa na binti yake. Nilinyanyuka nikatoka bila kunyolewa, nikatembea mpaka kule. Milango ilikuwa imefungwa, na barazani walikuwa wamesimama mafundi na vijana wa bodaboda, wengine bado wana grisi mikononi, hakuna anayejua la kufanya.

Ninyi mnaosoma safu hii kila wiki hamumjui, kwa sababu sikuwahi kumwandika. Nilimwomba mara kadhaa akakataa. Alisema akitoka gazetini watakuja watu wa kumpiga picha, na wakati anapigwa picha wali wake utaungua. Alikuwa na mgahawa wa mabati wenye meza za mbao na viti vya plastiki, akipika makande, ndizi, maharage, mboga za majani, na nyama siku zilizowezekana. Sahani yake ilizidi kidogo bei ya majirani, na hilo hakulificha. Mgeni akilalamika, alijibiwa mbele ya watu wote: “Kaka yangu, bei hii ina mkulima ndani yake. Unataka nimtoe ili wewe ushibe?” Hakuwa mpole. Nimewahi kumwona akimrudishia mtu hela na kuondoa sahani mezani kwa sababu mtu huyo alisema wakulima ni washamba tu. Wapo waliomwona ana kiburi, na sitawabishia sana. Kiburi alikuwa nacho, na alikitumia vizuri.

Msimamo wake ulikuwa na chanzo, na alinisimulia mwenyewe. Alizaliwa Akheri, kwenye miteremko ya Mlima Meru, na miaka ile ya mwanzo wa mgahawa alikuwa akipanda kwa mjomba wake kununua sukuma wiki na karoti. Siku moja aliinama kwenye matuta ya karibu na njia, yale yaliyonawiri mpaka yanang'aa. Mjomba akamshika mkono. “Hizo acha, mwanangu. Hizo ni za mjini. Zetu ziko nyuma ya nyumba.”

“Mimi nakaa wapi, mjomba?”

“Mjini.”

“Na ninaowapikia?”

Mzee akamweleza bila kumficha. Mnunuzi anakuja na gunia lake, analijaza hadi mdomoni, halafu analiongezea kilemba juu na kukishona kwa wavu. Hiyo ndiyo lumbesa. Bei wanapatana ya gunia moja, lakini mzigo unaoondoka ni wa gunia moja na nusu. Mkulima akilima taratibu kwa samadi na kuuza namna hiyo, hapati hata hela ya mbegu. “Kwa hiyo nalazimisha shamba,” mjomba alisema. “Napiga dawa leo, keshokutwa navuna. Sina roho mbaya, mwanangu. Nimebanwa.”

Mama yule aliteremka mjini bila mboga hata moja. Aliniambia kwamba usiku ule hakuwachukia wakulima wala dawa, alilichukia gunia. Alikuwa amegundua kwamba sumu iliyokuwa ikifika kwenye sahani za wateja wake ilianza safari pale mtu alipopunjwa kipimo. Akanunua mizani ya kuning'iniza, kama ile ya kwenye bucha, akarudi Akheri. Alikubaliana na mjomba pamoja na majirani wachache: yeye atanunua kwa kilo, kwa bei iliyopatanwa kabla ya kupanda. Wao watalima kwa samadi, miti ya kivuli juu ya kahawa na migomba haitakatwa, na kama mdudu akizidi mpaka wakalazimika kupiga dawa, basi watamwambia, na mboga hizo zitasubiri siku za dawa kuisha. Kisha akafanya jambo ambalo sikuwahi kuona mwenye mgahawa akilifanya. Jumapili moja baada ya ibada alikodi gari akatupandisha sisi walaji wake tukaone mashamba. Yule fundi wa mageti alishika jani la sukuma akauliza, “Mzee, mbona lina matundu?” Mjomba akamjibu, “Mdudu amelionja kabla yako. Unamwona yupo hai? Basi kula.” Tulicheka, lakini tuliporudi mjini hatukulalamika tena juu ya bei.

Jambo ninalotaka mlijue zaidi ya yote lilitokea kwenye soko la Maji ya Chai, na nililiona kwa macho yangu. Mizani yake, aliyokuwa akiitundika kule kila siku ya soko, ilikuwa imeanza kuzoeleka, wanunuzi wakubwa wakiicheka. Siku ile mama mmoja mjane, mkulima wa karoti, alimwomba mama wa mgahawa ampimie gunia lake la lumbesa kabla halijapanda lori. Vijana wawili walilinyanyua, mshale ukazunguka, na watu waliokuwa karibu wakaona walichokuwa wakikijua siku zote bila kukiona. Mtu akapiga mluzi. Muda si mrefu wakulima walikuwa wamepanga mstari, kila mmoja anataka la kwake lipimwe. Ndipo alipokuja dalali, kijana mtanashati, simu mbili mkononi.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba, mwanangu.”

“Mama, unatuharibia soko.”

“Mimi napima tu. Kama soko linaharibika kwa kupimwa, basi lilikuwa bovu kabla sijafika.”

Dalali aliwageukia wakulima akatangaza kwamba atakayeonekana kwenye mizani ile, karoti zake hazitapanda lori, si leo wala siku nyingine. Haikuwa kelele tupu. Siku ya soko iliyofuata wengi walipita mbali na mama yule, wakitazama chini. Mjane alikuja, na wengine wachache wakaja. Malori yalijaza magunia ya wale wengine, yakawashwa na kuondoka. Karoti zilizooshwa vizuri alfajiri ile zilibaki zimelala juu ya turubai kando ya barabara, na jua likaanza kuzipiga. Mjane alimtazama mama wa mgahawa. Hakuwa na hasira, alikuwa na hofu. “Mwanangu,” alisema, “wewe una jiko, mimi nina karoti. Karoti hazijui msimamo. Keshokutwa zitalegea.”

Nilimwangalia. Mgahawa wake usingeweza kumaliza karoti zile, alijua, na mimi nilijua. Kisha akasema, “Pakieni zote, nimezinunua.”

Wiki ile Daraja Mbili tulikula karoti. Zilikuwa kwenye wali, kwenye maharage, kwenye makande, na asubuhi zilikuwa kwenye sambusa. Siku ya tatu hivi fundi wa mageti alisukuma sahani akauliza, “Mama, umetufanya sungura?” Mama alisimama katikati ya meza zetu, mwiko mkononi, akatueleza yaliyotokea sokoni kuanzia mwanzo mpaka mwisho, bila kumtukana dalali na bila kutuomba huruma. Akamaliza hivi: “Wanataka kumfundisha yule mama kwamba akidai haki yake atabaki na mzigo. Mimi nataka ajifunze kwamba akidai haki yake, kuna watu watakula. Sasa ninyi ni watu au si watu?” Fundi akaivuta sahani yake akaendelea kula. Kuna kijana wa bodaboda alinunua sambusa za kupelekea familia nzima. Jioni mama alizunguka kwa akina mama lishe wenzake. Baadhi walimfukuza, wakisema hawataki ugomvi na watu wa malori, wengine walichukua karoti. Zilizobaki alizipeleka kwa mzee mmoja mwenye duka la viungo katikati ya mji, ambaye familia yake ya Kihindi imefanya biashara Arusha tangu enzi za babu yake. Mzee alizipindua pindua, akamwita mkewe, wakazungumza Kigujarati, kisha akasema, “Mama, karoti hii ikiingia kwenye siki na haradali haimwogopi dalali. Niletee tu.” Achari ile iliuzwa dukani kwake na kwenye meza zetu kwa miezi.

Siku ya soko iliyofuata mama alirudi Maji ya Chai, akatundika mizani mahali palepale. Nisiwadanganye kwamba lumbesa ilikufa siku hiyo. Haikufa. Sheria inaikataza, barabara inaipitisha mchana kweupe, na ninyi mkisimama kando ya lami mtayaona magunia yenye vilemba yakielekea mjini. Lakini wakulima waliokuja kwenye mizani waliongezeka kidogo kidogo, akina mama lishe wakawa wanatuma oda kwa pamoja, na mwisho dereva mmoja wa lori aliyekuwa amekosa mzigo alikubali kununua gunia lililoshonwa sawa na mdomo, bila kilemba. Dalali alinuna. Hakuna aliyekufa kwa kununa.

Kuna watu wenye elimu nzuri walioniambia mara nyingi kwamba mambo haya ya kumjali mkulima na udongo wake ni anasa. Ni ya wageni wanaokunywa kahawa ya Meru huko kwao na kusoma kikaratasi kwenye pakiti, au ni ya watu wa mahoteli. Mtu wa kipato cha chini, wanasema, anatafuta bei tu. Leo nakataa maneno hayo, na nayakataa kwa sauti. Nimekaa miaka meza moja na watu wa kipato cha chini, na nimewaona wakilipa nyongeza ndogo kwa kujua, kwa sababu kuna mtu aliwaheshimu vya kutosha akawaeleza nyongeza ile inakwenda wapi. Hoteli moja ilipotaka kuchukua mavuno yote ya mjomba na majirani zake kule Akheri kwa bei nono, wakulima walishawishika, na walikuwa na haki ya kushawishika. Mama hakuwazuia. Aliwaambia wauze sehemu, ila wasiuze yote, kwa sababu msimu wa wageni ukiisha hoteli itafunga jiko na Daraja Mbili bado itakuwa na njaa. Wakayagawa mavuno. Msimu ulipoisha, walishukuru. Tunaambiwa uchumi wa haki utaletwa na wataalamu, na wafadhili, na nembo za kubandika kwenye mifuko. Waje, wanakaribishwa. Lakini mimi nimeuona ukijengwa na mtu mwenye mwiko, na simruhusu yeyote aniambie kwamba ni ndoto.

Tulimzika Akheri Ijumaa. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi, njia inateleza, na kwaya ya usharika iliimba chini ya turubai lililokuwa likidondosha maji. Walaji wa mjini walikaa upande mmoja, wakulima upande mwingine, mpaka wali ulipoanza kugawiwa wakachanganyika. Baada ya mazishi shemeji yake alisimama kuishukuru hadhara kwa niaba ya ukoo. Alisema vizuri, kisha akaongeza kwamba marehemu alikuwa na huruma nyingi, na kwamba sasa familia itakaa iangalie jinsi ya kuuendesha mgahawa kibiashara, kwa kununua bidhaa kwenye malori kama wenzao.

Fundi wa mageti akanyanyuka, koti limemlowa mabegani. Nilidhani anaondoka.

“Wazee, shikamooni. Mimi si ndugu, mnisamehe. Ila mama hakutuonea huruma. Alituuzia chakula na sisi tulilipa. Ile ilikuwa biashara. Mkileta vitu vya lumbesa jikoni kwake, sisi hamtatuona.”

Kutoka nyuma, upande wa akina mama, yule mjane akasema bila kusimama, “Na mimi hamtaniona.” Watu wakaguna, wengine wakacheka kwa machozi. Shemeji alifungua mdomo, lakini binti wa marehemu alikuwa ameshasimama. Ni msichana wa maneno machache, na macho yalikuwa yamemvimba. “Baba mdogo, asante kwa kutuongoza leo,” alisema. “Jumatatu tunafungua. Bei ni ileile na wakulima ni walewale. Siku ya soko nakwenda Maji ya Chai mwenyewe.” Shemeji alimtazama, akatutazama sisi, akakaa chini.

Sikuandika haya ili mumlilie mtu msiyemjua. Nimeandika kwa sababu kila mmoja wetu ananunua chakula, na kila tunaponunua tunakuwa upande wa mtu fulani, hata tukijifanya hatuna upande. Kesho ukienda kwa muuza mboga wako, muulize karoti zile zimelimwa na nani, zimepimwa kwa kipimo gani, na dawa ilipigwa lini. Huenda asijue. Huenda akakasirika, akakuambia kama hutaki uache. Usiache. Uliza tena.