Marehemu wa Waithaka Aliyetaka Dawa ya Presha

Kazi yangu katikati ya jiji ilikuwa kuoanisha rekodi za zahanati na rekodi za vifo. Ili kulinda siri za watu, majina na namba za vitambulisho vilifutwa kabla rekodi hazijatufikia. Tulibaki na jinsia, mtaa na tarehe ya kuzaliwa. Kompyuta ikiona vinafanana, inaamua ni mtu mmoja. Mkubwa wetu, mkaaji wa mtaa wa kitajiri wa Spring Valley, aliipenda kompyuta hiyo kama kitinda mimba wake.

Hakujua, au hakutaka kujua, kwamba wazee wetu kutoka magharibi mwa nchi karibu wote walizaliwa Januari mosi. Karani wa vitambulisho aliwaandikia hivyo, maana hakuna aliyeikumbuka siku yenyewe.

Ndipo shangazi yangu akanipigia simu kutoka Waithaka. "Nimekuja kuchukua dawa ya presha, wananiambia nilikufa."

"Nani amesema?"

"Kompyuta. Eti imetoka kwa ofisi yenu."

Nilimpeleka kwa mkubwa. Alivaa nguo za kanisani, asije akafanana na maiti. Mkubwa akamtazama, akaitazama skrini.

"Mama, mfumo uko na uhakika mkubwa."

"Mimi pia niko na uhakika, mwanangu."

Nikashauri tuulize zahanati rekodi yake ni ipi, tuirekebishe. Mkubwa akanikatiza: jina ni siri.

"Na yeye mwenyewe akikubali?"

"Sisi hatumjui huyu mama. Hiyo ndiyo maana ya siri."

"Lakini kuniua mlinijua," shangazi akasema.

Mkubwa akaamuru tuwafufue wanawake wote wa Waithaka waliozaliwa Januari mosi. Ilikuwa rahisi kuliko kumwomba radhi mmoja.

Shangazi akapata dawa. Lakini zahanati nayo ikaanza kuwatumia waliofufuliwa ujumbe wa kuwaita kliniki. Kwenye foleni shangazi aliketi karibu na mzee aliyeshika simu ya marehemu mkewe, aliyemzika yeye mwenyewe. Mzee alitaka tu ujumbe ukome. Mhudumu wa dirishani akamwambia hawezi kumfuta mgonjwa ambaye hayupo, amlete mwenyewe.

"Hakugombana," shangazi alinisimulia. "Aliketi, akaniuliza kama na mimi nilikufa. Nikamwambia ndiyo, lakini nilirudishwa."

Nilicheka. Yeye hakucheka, aliniuliza hiyo kazi nitaiacha lini.