Sale Mbele ya Mtawa

Kwa miaka ishirini na miwili Eliufoo wa Masama alikuwa mtafsiri wa filamu, na sidhani kama mjini Moshi alikuwapo mtu mwingine aliyewasemea watawa wa Kibudha kwa wingi kama yeye. Katika banda la video la Majengo aliketi kando ya televisheni, kipaza sauti mkononi, akiwageuzia watazamaji kwa Kiswahili filamu za mapigano za Mashariki. Maandishi ya Kiingereza yaliyopita chini ya picha aliyasoma vema, ila hakuyafuata. Mtawa mzee aliponyoosha mkono na kumsihi mwanafunzi wake aitue hasira, Eliufoo alinguruma, "Nenda kalipize, mwanangu! Asibaki hata mmoja!" Banda zima likalipuka kwa shangwe.

Nilipomkanya alicheka. "Mwalimu, nani atalipa kiingilio aje kusikia habari za kusamehe? Hizo mnazo kanisani, tena bure."

Kazi hiyo ndiyo iliyomtenga na ndugu yake. Mama yao alifariki siku ya Ijumaa. Kaka yake mkubwa, Elisaria, anayeuza maharage Tarakea, alituma neno kwamba asubiriwe hadi Jumapili. Lakini Jumapili hiyo banda lilikuwa na filamu mpya, na Eliufoo, kitinda mimba aliyebaki na mama kihambani, kwenye shamba la ukoo, akaamuru mazishi yafanyike Jumamosi. Elisaria alifika akakuta kaburi limekwisha kufukiwa. Alisimama kitambo kati ya migomba, kisha akaondoka bila kunywa hata maji. Tangu siku hiyo, kwa miaka kumi na mmoja, hawakusemezana.

Baadaye simu za mkononi zikalimaliza banda. Mkewe akafariki, watoto wakahamia Dar es Salaam. Mara nyingine nilipopita kwake nilimsikia akizungumza, nikadhani ana mgeni. Alikuwa akiijibu redio.

Mwaka jana alijiwa na Evelyn, mwalimu kijana aliyekuwa ameanza kuonyesha filamu mara moja kwa mwezi katika ukumbi wa usharika.

"Shikamoo, babu. Nina filamu kutoka Sri Lanka, ndogo, imetengenezwa na watu wanne tu. Njoo ututafsirie."

"Marahaba. Ina mapigano?"

"Haina. Ina mtawa anayefagia."

"Anafagia maadui?"

"Anafagia majani, babu."

Alikubali, nadhani kwa kuwa tangu mwezi uliotangulia hakuna aliyekuwa amemwomba lolote. Jumapili baada ya ibada tulijaa ukumbini. Filamu ilimhusu mwanamke aliyemfukuza nduguye nyumbani wakiwa vijana; ndugu huyo akawa mtawa. Kwa saa nzima mtawa alifagia, na vijana wa nyuma wakapiga kelele, "Mzee, weka hata ngumi moja!" Kisha yule mwanamke, sasa ajuza, akapanda ngazi za hekalu, akapiga magoti na kumwinulia mtawa fungu la majani mabichi.

Eliufoo hakuwa ameitazama filamu ile kabla. Sauti yake ilishuka. "Jamani," alisema, "amemletea sale."

Hakuna Mchagga asiyelijua sale, jani refu la kijani tunalolipanda mipakani na makaburini. Aliyekosa akilipeleka, aliyekosewa hana ruhusa ya kulikataa. Bibi Priska, aliyekaa mbele, akasema kwa nguvu, "Ee Ruwa, Mungu wetu! Chukua, baba, chukua!"

Mtawa aliyapokea majani kwa mikono miwili, akainama, akayaweka kando, akaushika tena ufagio wake. Hakutamka neno. Kimya kile Eliufoo hakukiweza. "Karibu, dada yangu!" akasema kwa niaba ya mtawa. "Keti, tule pamoja!" Akina mama wakafuta machozi.

Watu walipotawanyika, Evelyn alimkaribia kwa adabu. "Babu, yale ni majani ya tambuu. Kule humpelekea mtawa kwa heshima."

"Kwa hiyo hakuomba msamaha?"

"Aliomba. Lakini mtawa hakumkaribisha. Hakusema chochote."

"Nilidhani wamesahau kuandika maneno yake," akajibu Eliufoo.

Asubuhi iliyofuata alikata sale kando ya kaburi la mama yake. Desturi hutaka lipelekwe na mtu wa kati. Yeye hakuwa na wa kumtuma, akalipeleka mwenyewe hadi Tarakea. Haya yaliyotokea huko alinisimulia yeye.

Alimkuta Elisaria dukani, akipima maharage. Akapiga magoti mlangoni, mzee wa miaka sitini na minane, akaliinua jani.

"Shikamoo, kaka."

Elisaria alilitua kopo la kupimia, akalitazama sale. "Nani amekutuma?"

"Hakuna. Sina mtu."

"Marahaba," akasema hatimaye. Akafuta mikono kwenye koti, akalipokea kwa mikono yote miwili. "Sale halikataliwi. Nimekusamehe, na mama asikie."

"Ahsante, kaka."

Eliufoo alinyanyuka, akangoja. Ndani palikuwa na kigoda kitupu. Elisaria aliliweka sale juu ya mzani usiotumika, akachukua tena kopo lake la kupimia.

"Umeziba mlango," akasema, bila ukali. "Mteja anataka kupita."

Eliufoo akasogea kando, mteja akapita.