Sayari Zisizogeuka

Niliondoka Kasokola asubuhi ileile tuliyotoa tumbaku kwenye bani, kile kibanda cha kukaushia majani kwa moto, kwa sababu hakukuwa na siku nyingine ya kuondoka. Bani likiwa na majani ndani, moto wake hauachwi. Ukififia, majani yanaharibika na msimu wa familia nzima unapotea. Yakishatoka, linapumzika siku chache tu kabla ya kujazwa tena. Katika siku hizo mjomba alipanga kupeleka washenga kwa jirani kuniposea binti, kisha anikabidhi shamba na bani. Binti mwenyewe sikuwa na neno naye. Ila nilijua moto ule ukishakuwa wangu, sitoki tena.

Shule niliacha darasa la sita. Niliyojifunza baadaye niliyapata kwenye redio ya simu huku nachochea kuni. Humo ndimo nilimosikia habari za nyota ndogo nyekundu, mbali mno, yenye sayari saba zinazoizunguka kwa karibu sana. Hakuna aliyeziona kwa macho. Wataalamu walijua zipo kwa sababu mwanga wa nyota hupungua kidogo kila sayari inapokatiza mbele yake. Tena wanadhani zimeielekezea nyota yao uso mmoja daima: upande huu mchana tu, ule usiku tu.

"Sasa mtu wa upande wa mchana analala saa ngapi?" nilimuuliza mjomba.

"Kwani kuna mtu huko?"

"Hawajui."

"Basi usimhangaikie. Kuni zimeisha hapa."

Nilileta kuni, lakini niliendelea kujiuliza kama mpakani mwa mwanga na giza kuna jioni isiyokwisha, na kama mtu angeweza kuhama kwa miguu kutoka upande mmoja hadi mwingine.

Asubuhi hiyo nilibeba begi, nikatembea hadi Kashaulili, mjini Mpanda. Karibu na soko lori lilikuwa linapakia saruji. Dereva akasema anakwenda Mishamo.

"Hata mimi," nikasema, ingawa nilikuwa nalijua jina tu.

Tulifika jua linazama. Nikaelekezwa kwa mama mmoja anayepangisha vyumba, ambaye pia ndiye balozi wa nyumba kumi. Wazazi wake walikuwa wakimbizi kutoka Burundi, na alikulia palepale enzi ambazo mtu hakutoka makazi yale bila kibali.

"Umekuja kwa nani?"

"Sina mtu, mama."

"Unafuata nini?"

"Kuona tu."

"Kuona tu. Hata mbuzi akitoka zizini kuna anachokifuata. Nipe namba ya mtu wa kwenu. Bila hiyo hulali kwangu, na kwa jirani utaulizwa hivyohivyo."

Sikuwa na pengine pa kwenda. Nikampa namba ya mjomba, akapiga huku ameweka spika.

"Kijana wako yuko kwangu Mishamo. Ni mwizi?"

Mjomba akajibu, "Siyo mwizi. Anauliza maswali mengi."

"Nimpe chumba?"

"Mpe. Mwambie washenga nimewaambia wasubiri. Bani tunajaza Jumatatu."

Mama akanipa ufunguo, akaniambia lori lile litarudi Mpanda Jumapili.

"Na linalokwenda mbele zaidi?" nikauliza.

"Huko mvua imekata barabara, mwanangu."

Chumba kilikuwa na kitanda, ndoo, na dirisha lililopigiliwa misumari. Nikaweka begi chini.