Ukili wa Mifuko ya Mkate

Miaka ile Wahindi wa Kenya walipokuwa wakiwasili London kwa wingi, mimi, niliyetoka Unguja, nilikuwa nikiosha vyombo katika jiko la hospitali moja upande wa Tooting. Siku moja akaajiriwa mama wa Kihindi, mtu mzima, mzaliwa wa Mombasa. Tukawa tunazungumza Kiswahili kutwa.

Jambo lake moja lilinishangaza. Kila mkate ulipokwisha, aliuchukua mfuko wake wa plastiki, akausuuza, akaukunja na kuutia mkobani. Nilidhani ni ubahili. Wiki ya pili nikashindwa kuvumilia.

"Mama, mifuko yote hiyo unaipeleka wapi?"

"Njoo nyumbani Jumapili ujionee."

Alikaa na mumewe katika chumba kimoja juu ya duka la viatu. Sakafuni palitandikwa mkeka wenye mistari ya buluu na nyekundu. Nikaupapasa. Haukuwa wa majani ya ukindu. Ilikuwa ile mifuko, imechanwa vipande vyembamba, ikasukwa ukili, yaani mkanda mrefu wa msuko, na ukili ukashonwa ukingo kwa ukingo.

"Nani alikufundisha?"

"Jirani yetu Mombasa, Mswahili. Kila alasiri nilikaa naye barazani. Hapa ukindu sina, lakini mifuko wanaitupa kila siku." Akanisogezea vipande. "Haya, anza. Wewe wa Unguja bila shaka utanishinda."

Nikaona haya. Bibi yangu alikuwa msusi hodari, nami nilimkimbia kila aliponiita.

"Sijui, mama."

Hakunicheka. Alinishika vidole, akanionyesha kipi kipite juu na kipi chini. Jumapili tatu nilisuka, naye akafumua. Ya nne hakufumua.

Kikapu changu cha kwanza kilikwenda upande, lakini kilibeba viazi. Muuza viazi sokoni alikizungusha mikononi, akauliza kimetengenezwa kwa kitu gani, na nilipomwambia hakuamini. Mpishi mkuu naye akaanza kutuwekea mifuko kando.

Tangu hapo sikuweza kupita karibu na pipa la taka bila kuchungulia. Nilisuka mapazia makuukuu, nikasuka soksi. Nikajaribu hata magazeti. Kikapu cha magazeti kililowa mvua kabla sijafika kituo cha basi, vitunguu vikasambaa barabarani, nami nikawa navikimbilia huku nikijiuliza: je, kama ningeyapaka nta kwanza magazeti yale?